Ng'ombe Kilema wa Seva 417

Jumatatu, 2 Juni

Leo nimekuwa mwendeshaji wa seva. Barua imeingia kwenye simu saa nne asubuhi, kutoka kampuni ya michezo ya mtandaoni huko Chengdu, China. Nimeichapa kwa mashine yangu mwenyewe. Nakala tatu. Moja ya faili, moja ya ukutani, moja ya Odeta.

Maelezo mafupi, kwa atakayeisoma shajara hii nikiwa nimekwisha kuwa mtu mkubwa. Kampuni ina mchezo unaoitwa Malisho ya Mbinguni. Mamia ya watu wanaingia kwa pamoja, kila mtu na simu yake, wanaunda koo, wanapanda ng'ombe wa kijani, wanapigana. Mchezo ni mmoja ila umekatwa vipande. Kila kipande ni seva, na kila seva ina mtu wa kuchochea wachezaji na kugawa zawadi. Yangu ni namba 417. Nimepewa siku thelathini za majaribio. Nikifikisha wachezaji mia tatu kwa siku, naletewa barua ya kudumu yenye muhuri mwekundu.

Huo muhuri ndio ninaoutaka. Odeta anashona nguo kwenye baraza ya chumba changu cha fotokopi hapa stendi ya Ngara, mwaka wa tatu huu. Baba yake, mzee Hategekimana wa Nemba, aliwahi kuniuliza kazi yangu. Nikasema fotokopi. Akasema hiyo ni kazi ya mashine, yeye ameuliza yangu. Lakini barua yenye muhuri mzee anaiheshimu, anaisoma akiwa amesimama. Nikiipata nitakwenda Nemba na wazee wangu, nitamposa Odeta, na hapatakuwa na swali.

Odeta amepokea nakala yake. Amesema hongera kaka Anatory. Mchana nimemwona ameikata kuwa kipimo cha kola.

Jumanne, 3 Juni

Nimesoma Mwongozo wa Mwendeshaji, kurasa arobaini na sita. Umetafsiriwa na mashine, lakini akili iliyomo inaonekana. Kanuni ya kwanza: kuingia ni bure, kinachouzwa ni heshima. Kanuni ya pili: tajiri hanunui upanga, ananunua macho ya watu, hivyo kila zawadi itangazwe kwa seva nzima, jina kamili la mtoaji na jina kamili la mpokeaji. Kanuni ya tatu: seva isiyo na maadui wawili itakufa. Nimeipigia mstari.

Msimamizi wangu huko Chengdu hana jina. Anaitwa Namba Sita. Ana adabu sana. Kila ujumbe wake unaanza na Mpendwa Mshirika.

Pius ameandika kwenye kundi la waendeshaji kwamba seva yake, 402, imefika wachezaji mia nne. Pius anauza chaja na kava za simu Biharamulo mjini. Tulisoma darasa moja. Kwenye mitihani alikuwa akinakili kwangu, na matokeo yakitoka ananipita. Jambo hili sijawahi kulielewa.

Ijumaa, 6 Juni

Wachezaji kumi na tisa.

Tatizo ni saa. Vita vikubwa vya mchezo huanza saa mbili usiku ya China, watu wa kule wakiwa wameshakula. Huku ni saa tisa alasiri. Watu wako uani wanapiga maharage waliyovuna. Nimemwandikia Namba Sita nikimwomba vita visogezwe mbele hadi maharage yaishe. Amejibu: Mpendwa Mshirika, Maharage ni ukoo wa kiwango cha ngapi?

Tatizo la pili ni umri. Mfumo unadai jina kamili na namba ya kitambulisho cha taifa. Aliye chini ya miaka kumi na minane anaruhusiwa saa moja tu, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Ni sheria ya kwao kule, imeshonewa ndani ya mfumo na haitoki. Wanafunzi wote niliowategemea, shule zimefungwa na wana muda wa kumwaga, wamefungiwa nje. Nimekaa nikiutazama ukuta. Barua bado ipo pale.

Jumapili, 8 Juni

Mungu hamtupi mtu wake. Ineza, binti wa kaka yake Odeta, ana miaka kumi na sita na anakaa Nemba kwa babu yake. Amepiga simu kumwuliza shangazi yake kuhusu sare za shule, na katika maongezi ikajulikana kwamba anacheza kutwa nzima. Nikauliza kwa njia gani. Akasema amejiandikisha kwa kitambulisho cha babu. Babu ana miaka sabini na miwili. Mfumo umempokea kwa heshima zote, bila kikomo cha saa.

Nimetuma ujumbe kwa vijana wote ninaowafahamu wilaya mbili, Ngara na Biharamulo. Babu au bibi, yeyote mwenye kadi.

Jumanne, 10 Juni

Wachezaji mia mbili na kumi na wanne. Wastani wa umri, miaka sitini na saba. Namba Sita ameandika kunipongeza. Anasema katika kampuni nzima hakuna seva yenye wazee hodari kama wangu, na anauliza wanakula nini. Nimejibu ndizi.

Sasa maadui wawili. Nao wamejileta wenyewe. Koo kubwa ni mbili. Moja ni ya Nemba, inaongozwa na Ineza kwa jina la babu yake Hategekimana. Nyingine ni ya Nyamigogo, inaongozwa na Niyonzima, mtoto wa mzee Ciza. Niyonzima ni mtu mzima, ana kadi yake, lakini ameandikisha jina la baba. Anasema kichwa cha ukoo ni baba.

Na hawa wazee wawili hawasalimiani kweli, nje ya mchezo. Walivuka pamoja kutoka Burundi wakiwa vijana, wakalala chini ya turubai moja, wakapata mashamba, wakapata uraia. Miaka minane iliyopita mke wa Hategekimana alifariki. Ciza hakuonekana mazishini. Alitokea siku ya tatu. Hakupewa kiti. Alisimama uani kwa muda mrefu, akaondoka, na tangu siku hiyo nyumba zile mbili haziazimani hata jembe. Huo ni utajiri kwa mwendeshaji. Nilipowaza hivyo niliona si vizuri, nikasali Baba Yetu mara moja.

Alhamisi, 12 Juni

Hawapigani. Siku mbili nimewatazama. Ukoo wa Nemba ukiingia malishoni upande huu, wa Nyamigogo unahamia upande ule. Wamenuniana mpaka mbinguni. Zimebaki siku kumi na tisa na wachezaji wameanza kuboreka.

Nimerudi kwenye Mwongozo. Kanuni ya kumi na moja: ukikosa vita, tumia zawadi ya dharau. Katika mchezo yupo ng'ombe mmoja wa chini kabisa, kilema, mguu wa nyuma anauburuta. Kule China ukimpa mtu ng'ombe yule mbele ya watu umemtukana mbaya sana, na kabla ya dakika kumi ukoo wake utakuja kukuchoma moto. Mwendeshaji ana uwezo wa kutuma zawadi kwa jina la mchezaji yeyote. Kesho, saa nane na dakika hamsini na tano, Ciza atampa Hategekimana ng'ombe kilema. Saa tisa, vita.

Nimeona haya kidogo. Nimemtazama Odeta akipiga cherehani, nikaiwaza barua. Haya imepita.

Ijumaa, 13 Juni

Tangazo limepita kama nilivyopanga, kwa herufi nyekundu, kwenye simu zote mia mbili na kumi na nne. Majina kamili kama yalivyo kwenye kadi. Ciza wa Nyamigogo amempa Hategekimana wa Nemba ng'ombe.

Saa tisa, uwanja wa vita mtupu. Saa tisa na robo, mtupu. Nikafikiri mtandao. Nikampigia Pius. Amesema mtandao uko vizuri, ila labda huku mlimani kwetu haujapenda kupanda. Nimekata simu.

Saa tisa na nusu simu ya Odeta ikalia. Amesikiliza, machozi yakamtoka. Akafunika cherehani na kukimbilia gari la Biharamulo. Mteja amebaki barazani na nguo yenye mkono mmoja. Ameniuliza mimi.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeamkia safarini. Gari hadi Biharamulo, bodaboda hadi Nemba. Uani kwa mzee Hategekimana hakuna mtu. Yupo jirani yake tu, mama Esperansia, ameachiwa mbuzi. Nimemsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akanisimulia kabla sijauliza.

Jana Ineza alimpelekea babu yake simu. Mzee akaomba asomewe mara tatu. Jina lake kamili, lile la kwenye kadi, limetajwa mbele ya watu zaidi ya mia mbili, na mtajaji ni Ciza. Kisha akamtazama ng'ombe. Akauona mguu. Akasema: "Ciza hana mwingine. Amebaki na huyu mmoja, mguu umeharibika, na ndiye amenipa." Akabaki na simu mkononi mpaka jua likashuka. Asubuhi hii akaagiza aletewe koti lake la kwendea mazishi.

Hapo nikajua nimefanya nini. Mimi ni Mhangaza, kabila la Ngara. Nimezaliwa hapa. Kwetu sisi, na kwa hawa wa asili ya Burundi vilevile, kumpa mtu ng'ombe si kumpa mnyama. Ni kumwambia kwamba kuanzia leo wewe na mimi ni wamoja, na aliyepewa lazima aende kushukuru mbele ya watu. Mtoto wa darasa la tatu anajua hivyo. Kurasa arobaini na sita nimesoma, hayamo.

Nikapanda bodaboda kwenda Nyamigogo. Nimefika wakati wao wanaingia uani kwa Ciza. Hategekimana mbele na fimbo, Odeta na Ineza nyuma yake, watu kama sitini, madumu ya rubisi, pombe ya ndizi, vichwani. Mzee Ciza alikuwa amekaa anachambua maharage. Nikajibanza kwenye migomba. Hategekimana akasimama pale pale aliposimama mwenzake miaka minane iliyopita, maana nyua hutofautiana lakini mgeni husimama mahali pamoja. Akasema amekuja kushukuru ng'ombe.

Ciza hajui lolote juu ya ng'ombe. Niyonzima akamnong'oneza kitu. Nilikuwa naomba ardhi ipasuke. Akiuliza tu ng'ombe gani, yule mzee angegeuka na koti lake mbele ya watu sitini, na hapo hata kuzikana wasingezikana. Na mimi ndiye niliyemleta.

Ciza akainuka polepole. Akaingia ndani. Akatoka na kigoda, akakifuta kwa mkono wa shati lake, akakiweka chini. Akasema: "Kaa, mwenzangu. Siku ile nilikuwa hospitali na Nimpaye, alikuwa hajitambui. Nilikuja kukwambia. Nikiwa nimesimama nikashindwa." Nimpaye ni mke wake. Hategekimana akakaa. Akakishika kigoda kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuanguka, akalia kwa sauti. Ciza naye. Watu wote. Mimi pia, kwenye migomba, sioni aibu kuandika.

Kisha nikasikia minong'ono ya wanawake. Ng'ombe ametoka nyumba yenye kijana ambaye hajaoa. Ameingia nyumba yenye binti ambaye hajaolewa. Basi hiyo ni posa. Nikamtazama Odeta. Anatazama chini. Nikamtazama Niyonzima. Anatazama viatu vyake. Nimpaye akapiga vigelegele.

Wachezaji leo: sifuri.

Jumatatu, 16 Juni

Odeta amerudi. Anaimba kwenye cherehani. Amenieleza mwenyewe, kwa furaha, kama mtu anayemwambia kaka yake. Yeye na Niyonzima wanapendana mwaka wa pili sasa, kwa kujificha, kwa sababu ya ugomvi wa wazee. Niyonzima alikuwa akija Ngara kushonesha shati. Nilikuwa nikimwona. Nilidhani anapenda mashati.

Nimekaa na maumivu yangu hadi adhuhuri, halafu nimepata wazo. Ng'ombe si wa Ciza. Ni wa kampuni. Nikikiri, posa haina ng'ombe, na posa isiyo na ng'ombe si posa. Nitakwenda kwa Ciza kukiri. Ukweli ni wajibu wa Mkristo.

Jumatano, 18 Juni

Nimekiri. Nimemkuta mzee Ciza peke yake, bado yuko kwenye maharage. Nikapiga goti, nikaeleza yote, seva, kanuni ya kumi na moja, mguu. Amesikiliza bila kuacha kuchambua. Mwisho amesema alijua. Hana ng'ombe kwenye simu ya mtu yeyote. Lakini mwenzako akija uani kwako baada ya miaka minane kukushukuru, humwulizi anashukuru nini. Akasema jambo la kunyamazia tutalinyamazia, mimi na yeye, mpaka tuzikwe.

Halafu amenishika mkono. Amesema aliyemvusha ng'ombe ndiye anayemsemea, ndivyo walivyolelewa. Kwa hiyo mshenga ni mimi. Jumamosi nitampeleka Nemba mtamba mzima, mwenye miguu yake yote, kumposea Niyonzima. Nikasema sawa, baba. Sijui kwa nini nilisema sawa. Alikuwa bado hajauachia mkono wangu.

Jumamosi, 21 Juni

Nimempeleka. Mtamba mwekundu, mzuri, alinikanyaga mara mbili. Nimesimama mbele ya wazee wa Nemba na kumwombea Niyonzima mkono wa Odeta. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyaandaa miaka mitatu, nikabadilisha jina tu. Wazee wamesema hawajasikia mshenga anayeongea kwa uchungu kiasi hicho. Mzee Hategekimana amenishukuru kwa mikono miwili. Hajauliza tena kazi yangu.

Jumanne, 1 Julai

Majaribio yamekwisha. Wachezaji wanne, na mmoja ni mimi. Vijana wa Nemba wako Nyamigogo kwenye matofali ya nyumba ya maharusi, wa Nyamigogo wako Nemba wanapalilia mihogo. Seva 417 imefutwa na wachezaji wake wameunganishwa na 402, ya Pius. Ameniandikia karibu nyumbani.

Namba Sita ametuma fomu ya kujaza sababu ya kushindwa. Nimeandika amani. Amejibu: Mpendwa Mshirika, hiyo haimo kwenye orodha. Nimechagua mtandao mbovu.

Jumapili, 31 Agosti

Harusi ilikuwa jana, Nemba. Mshenga hukaa meza ya mbele, kwa hiyo nimeona kila kitu kwa karibu.

Alasiri Odeta alinyanyuka na gauni lake, akanifuata nilipokuwa nimesimama karibu na masufuria. Amenishukuru. Kisha akasema ana swali, nisikasirike. Watu wa stendi walikuwa wakisema nataka kumwoa. Ni kweli? Nikasema kweli, miaka mitatu. Akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikasema nilikuwa nasubiri barua.

Akasema: "Barua ilikuwa ya baba, kaka Anatory. Mimi nilikuwa hapo barazani kila siku. Ule mwaka wa kwanza nilikuwa sina mtu." Hakusema kwa ubaya. Akanirekebisha tai, maana ilikuwa imekaa upande, akarudi kwa mumewe.

Nimelifikiria neno lake leo misa nzima. Sikuusikia hata wimbo wa sadaka. Limeniuma mahali ambapo sikujua pana kitu. Odeta ana haki kabisa. Nimeyachunguza makosa yangu yote bila kujionea huruma, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Seva ilikuwa ndogo mno. Adhuhuri nimeomba nyingine. Namba Sita amekubali papo hapo, 431, siku thelathini.

Jana harusini alikuwapo dada mmoja anayeitwa Bernadetha, anafundisha kwaya hapa Ngara. Aliniletea sahani ya pilau mwenyewe, akaketi, akaniuliza kama nimechoka. Hajaolewa. Alikaa pale dakika nyingi, akitabasamu, akinisubiri niseme kitu. Nilikula. Safari hii sitachelewa tena. Namba yake nimeipata kwa katibu wa kwaya, na sasa hivi nimemtumia mwaliko wa kujiunga na seva.